Kushoto, wa Tatu

Kambini, Kibondo
16 Juni 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Kifua kimetulia tangu nilipoacha kulala karibu na moto, na natumaini barua hii itakukuta umeshaanua maharage. Goti lako vipi? Yule mbuzi mkaidi ameshazaa? Nisalimie nyumba ya mzee Bazilio na wote wanaoniulizia hapo Makere.

Kazi ni ileile ya ukarani wa kuni. Naieleza tena kwa kuwa uliniandikia kwamba majirani wanadhani napika. Wakimbizi hawaruhusiwi kukata mti mbichi. Mimi hutangulia porini na kopo la rangi nyeupe. Nakwaruza gome kwa kisu: chini yake pakiwa kijani, mti u hai, naupita; pakiwa kahawia, naupaka rangi. Wakataji wakija nyuma yangu wanakata wenye rangi tu. Jioni naandika idadi kwenye daftari la shirika, halafu naandika ya kwangu kwenye shajara, ile unayosema ni ugonjwa wa Kidato cha Nne.

Sasa nikupe habari. Miezi minane nimekaa hapa nikidhani nimeona yote: plastiki, mashimo ya matofali, vumbi. Jumanne iliyopita kuni za karibu zilikuwa zimekwisha, nikaondoka saa moja kasorobo asubuhi kuelekea upande wa machweo, mwendo wa saa moja na robo. Kuna kilima cha mawe matupu. Nyuma yake, Mama, kuna msitu mbichi katikati ya kiangazi. Maji yanatoka chini ya jiwe bapa. Kulukulu wanaruka wakionyesha wekundu wa mbawa zao, na mbega wamekaa matawini na makoti yao kama mapadri wanaosubiri misa. Nilicheka peke yangu.

Katikati ya msitu huo kuna duara la mivumu mikubwa, miti ya jamii ya mkuyu, iliyopandwa na watu, maana imepangwa. Ndani ya duara pamefagiwa. Kuna safu mbili za miti ya murinzi, na kati ya safu hizo kibanda cha nyasi kisichonifika kiunoni, mbele yake chungu kilichofunikwa. Ni kigabiro, pale wazee wa Buha walipoabudu kabla ya makanisa. Sikuwahi kuwaza kwamba tunaishi jirani na hekalu. Mlango wa kibanda unatazama miiba na mitambaazi iliyoziba mwisho wa safu. Nikajiuliza ni nani anayejenga mlango utazame ukuta.

Niliingia pale mivumu ilipoachana, kivuli changu kikinitangulia. Nikahesabu murinzi: kushoto tisa, kulia tisa. Nikaikwaruza; ingawa kiangazi kimeipukutisha majani, iko hai. Mmoja tu, kulia, wa saba, ulionekana mkavu. Huo sikuukwaruza kwa kuwa siafu walikuwa wamelizunguka shina. Niliupaka rangi kwa mbali, kwa kufunga brashi kwenye fimbo.

Nilipokuwa nahesabu, ndege wote walinyamaza mara moja. Niliandika saa: mbili na dakika ishirini na tano.

Mwanao,
Anatoli


Makere
2 Julai 1996

Mwanangu Anatoli,

Amahoro. Barua yako imefika kwa mkono wa Khatibu, yule dereva wa lori la mahindi, naye aliifikisha bila kuikunja. Mimi ni mzima, goti ndilo linalozeeka peke yake. Mbuzi amezaa mapacha na amekuwa na kiburi zaidi. Wewe vaa sweta asubuhi, kifua hakiponi kwa kuandikwa kwenye daftari.

Niliisoma barua yako mara mbili, na ya pili nilitoka nje kuisoma. Mahali uliposema, usirudi. Mahali pale hapahesabiwi. Hata ng'ombe wa mtu huwa hatuhesabu kwa kidole, wewe umekwenda kuhesabu pale, tena kwa sauti, nakujua. Kama kazi inakupeleka huko, mwambie mkubwa wako kuna nyoka. Hutakuwa umedanganya, nyoka wapo kila mahali.

Hapa kuna mgeni amefikia kwa Bazilio, anaitwa Habonimana, ametoka ng'ambo ya mpaka, kutoka upande wa kwetu kabisa. Anauza sindano na wembe. Anasalimia watu kwa majina ya baba zao, na mimi alinisalimia hivyo. Nitakuandikia.

Usirudi kule.

Imana ikurinde,
Mama yako, Esteri


Kambini, Kibondo
21 Julai 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hapa wote wazima, isipokuwa watu wanaongezeka kuliko maji. Kila usiku wanavuka wengine, na asubuhi tunawakuta wamelala kando ya ghala. Hongera ya mapacha. Je, umepata mtu wa kukulimia bonde, au bado unajilimia mwenyewe na goti hilo?

Nisamehe, nilirudi. Nilikuwa na wakataji wanne na mti mmoja uliokwisha kuandikwa, na kitu kilichokwisha kuandikwa siwezi kukifuta kwa habari ya nyoka. Walikata ule wa kulia, wa saba, Jumatatu tarehe 8 Julai. Kuni zake zilikwenda jiko la hospitali ya kambi. Wapishi wamenilalamikia. Walisema zilitoa moshi siku tatu na kutema maji kwenye ncha, wakataka kujua ni mti gani niliowaletea. Niliwaambia murinzi ni mti laini, hauna moto mzuri hata ukiwa mkavu. Ndivyo nilivyoandika pia.

Siku ileile nilikutana na mwenye kufagia. Nilitegemea mganga mwenye ngozi ya chui. Ni mama mmoja wa Kiha, Theodosia, aliyevaa fulana ya jubilei ya parokia. Kila Jumamosi hufagia kigango chao, kila Jumatatu hufagia kigabiro. Nilimuuliza kama padri anajua. Akasema padri ana mafagio mawili na yeye ana mafagio mawili, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kisha akanitazama daftari. "Karani, umekuja kuandikisha mizimu? Wape na kadi za posho, basi."

Tulicheka. Halafu akaona kisiki, akaacha kucheka. Aliniambia kwamba miti ile haikupandwa na wazee wa zamani kama nilivyodhani. Tangu vita vya kwanza vya ng'ambo, kila mwenye familia aliyevuka na kuomba kulala mahali pale alipewa kijiti cha murinzi akichomeke. Mti ni yeye. Ukiishi, anaishi popote alipo. Nilimweleza sheria ya mti mkavu. Akajibu, "Ulikuwa mkavu? Basi umeshamaliza kazi yako. Mwenyewe atajua."

Nilimuuliza mwenyewe ni nani. Akasema yeye hufagia tu, haandiki majina.

Tangu siku hiyo nikipita kilimani nasikia kama mtu anatembea nyuma yangu kwa hatua zangu. Nikisimama, naye anasimama. Najua ni mwangwi wa mawe. Nimeuandika kama mwangwi.

Kwa nini uliniambia nisirudi? Wewe unapajua?

Mwanao,
Anatoli


Makere
11 Agosti 1996

Mwanangu,

Amahoro. Ni mzima wa mwili. Mahindi yameingia ghalani na panya nao wameingia. Usinijibu habari za bonde, nimelima.

Ndiyo, napajua. Sikupenda kukuambia kwa kalamu, na ujue kalamu yangu ni ya elimu ya watu wazima, ilifundishwa Kiswahili tu. Ya Kirundi naweza kuyalia, kuyaandika siwezi. Basi nayaandika kwa lugha ya wageni, labda ni afadhali, hayaumi sana.

Tulivuka Juni 1972. Wewe ulikuwa mgongoni, una meno mawili. Tulitembea usiku tukaingia pale asubuhi, jua likitupiga machoni hata sikumwona vizuri mtu aliyetupokea. Nakumbuka maji chini ya jiwe, nilikunywa kama ng'ombe. Baba yako Ntirampeba alipewa kijiti, akakichomeka kushoto kwetu tulipoingia, wa tatu. Mbele yake viwili vilishachomekwa na watu wengine. Akaniambia, "Huyu ni mimi. Mtazame mpaka nirudi." Kisha akarudi ng'ambo kumchukua bibi yako, ambaye hakuweza kutembea na tulimficha kwenye shamba la migomba. Alisema siku mbili. Nilingoja kumi na moja. Wenzangu wakaniambia mtoto atakufa, tukaondoka, ndipo tukafika Makere.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini wajane wenzangu walinyoa nywele wakaomboleza wakamaliza, na mimi sikunyoa. Ni kwa sababu hiyo. Kwa lori ni siku moja mpaka huko. Kwa miguu ni siku chache. Miaka ishirini na minne, Anatoli, ningeweza kwenda kuutazama mti ule, na sikwenda. Ukiwa hai, ningeshindwa kukaa. Ukiwa mkavu, ningeshindwa kukaa pia. Nikachagua kulima.

Ni pale uliposema umepaka mmoja rangi ndipo nilipotoka nje. Kisha nikaona ni wa kulia. Wa kulia si wetu.

Sasa kuna jambo. Habonimana anasema baba yako yu hai. Amemtaja kovu la kwenye nyusi na jinsi alivyokuwa anaitikia "ego" kwa kuvuta. Anasema yuko juu ya kilima chetu, haoni vizuri, na shamba letu linashikwa na watu, lakini likithibitishwa na mke litarudi. Nikifika nitatia dole gumba kwenye karatasi moja tu. Anaongoza watu watano watano. Hataki chochote. Anataka tu tusiage majirani.

Najua unavyokunja uso unaposoma hapa. Mimi pia nimeukunja. Kwa hiyo nimefanya hivi: sitamwamini Habonimana, na sitakuamini wewe unayetaka nikae. Nitauamini mti. Nenda ukatazame kushoto, wa tatu. Kama u hai, nakwenda. Kama umekauka, nitanyoa nywele na mambo yataishia hapo. Usinidanganye. Hujawahi kuandika uongo tangu ulipojua kuandika, hata ulipovunja chungu changu uliandika tarehe.

Imana ikurinde,
Mama yako, Esteri


Kambini, Kibondo
24 Agosti 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama nikuulize habari za afya. Mimi mwili mzima.

Nimekwenda leo asubuhi. Niliingia kama siku ya kwanza, nikahesabu kushoto, wa tatu. Nilisimama mbele yake kabla ya kuugusa. Mama, umechanua. Hauna jani hata moja, lakini maua yake mekundu yamejaa tangu matawi ya chini hadi juu, na nyuki wanavuma hata shina unalisikia. Nilikwaruza mahali padogo kama ukucha. Kijani.

Njiani kurudi nilikaa juu ya kilima nikawaza kukuandikia kwamba umekauka. Niliandika sentensi hiyo kwenye karatasi ya pembeni nione inavyokaa. Haikukaa. Nimeichana.

Lakini nisikilize kama mtu mzima anayezungumza na mtu mzima. Mti ni mti. Wiki hii nimekaa na karani wa uandikishaji nikawauliza waliotoka upande wa kilima chetu. Ni kaya saba. Wote wanasema nyumba hazina mapaa, na hakuna aliyebaki anayejulikana kwa jina la Ntirampeba. Mama mmoja kijana anaitwa Claudine, ametoka kilima cha jirani. Alinijibu vizuri kila swali. Nilipolitaja jina la Habonimana alinyanyua ndoo yake, maji hayajafika nusu, akaondoka. Nilimfuata nikamuuliza tena. Akasema hamjui, akasema hivyo mara tatu.

Karatasi ya shamba inayotaka dole la mke, kama mume yupo, ni ya nini? Kwa nini asiweke lake? Muulize Habonimana swali hilo mbele ya Bazilio, uniandikie alivyojibu, neno kwa neno. Na wale watano waliotangulia, nani kati yao ameandika?

Nakuomba usiondoke kabla sijaja. Ruhusa yangu ni tarehe 28 Septemba.

Mwanao,
Anatoli


Makere
1 Septemba 1996

Mwanangu Anatoli,

Amahoro, amahoro. Leo hata goti ni zima.

Niliisoma barua yako nikiwa jikoni, nikafika pale penye maua, nikakaa chini kwenye majivu na gauni la kanisani. Bazilio aliingia akadhani nimeanguka. Umechanua. Baba yako alikuwa hivyohivyo, akikosa majani anatoa maua.

Nilimuuliza Habonimana kama ulivyotaka. Alijibu hivi: "Mama, macho yake hayaoni karatasi, na mkono wa kulia uliumia." Hapo awali hakusema habari ya mkono. Nimeliona hilo, usidhani sikuliona. Waliotangulia hawajaandika, lakini wao hawakusoma elimu ya watu wazima.

Tunaondoka Jumamosi tarehe 14, kabla mvua hazijajaza mito. Tarehe 28 yako ni mbali. Ningetaka kupitia kwako, nikauone mti kwa macho yangu, lakini anasema njia ya Kibondo ina askari wengi. Tutashukia upande wa Buhigwe. Nilimwambia kwetu siko huko, akasema njia ndefu ndiyo salama.

Najua, mwanangu. Najua unachokiandika sasa hivi kwenye shajara yako. Lakini mti nimeuuliza, nao umenijibu. Miaka yote hii niliogopa kuuliza.

Imana ikurinde,
Mama yako, Esteri


Kambini, Kibondo
9 Septemba 1996

Mama,

Shikamoo. Usiondoke. Soma mpaka mwisho, lakini kwanza hilo: usiondoke.

Barua yako nimeipata jana. Leo ni Jumatatu, siku ya Theodosia, nikaenda kumwambia mti wa tatu una mwenyewe na mwenyewe ni baba yangu. Nilidhani atafurahi. Aliweka fagio chini. Akaniuliza, "Mama yako alitoka wapi?" Nikasema ng'ambo. Akaniuliza, "Mtu wa kutoka ng'ambo, aliingiaje kwa nyuma?"

Sikuelewa. Akanishika mkono, akanipeleka mwisho wa safu, penye miiba, akaniingizia kichwa humo ndani. Kuna njia, Mama. Kuna mawe mawili ya mlango, yamefunikwa na mitambaazi. Hapo ndipo mbele ya kigabiro, kibanda kinapotazama. Pale nilipokuwa nikipita mimi ni tundu tu, ng'ombe walilitoboa miaka ya themanini.

Nikasimama kati ya mawe mawili, mgongo kwa ng'ambo, jua usoni. Nikahesabu kushoto, wa tatu.

Ni kisiki. Vibanzi vyenye rangi yangu nyeupe bado viko chini.

Barua zako na nakala za barua zangu naziweka kwenye boksi moja, kwa tarehe. Ya 11 Agosti umeandika kwamba jua liliwapiga machoni. Ya 16 Juni mimi nimeandika kwamba kivuli kilinitangulia. Zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine mwezi mzima.

Ule uliochanua si wake. Sijui ni wa nani. Na wa kwake sitakuambia kwamba ulikuwa umekauka, kwa kuwa ule mmoja kati ya kumi na minane sikuukwaruza, niliogopa siafu. Zile kuni zilitema maji. Kwa hiyo sijui, na wewe hujui, na hakuna anayejua tena. Hakuna jibu la kukuondoa Makere. Habonimana anasema mkono umeumia, kesho atasema mguu. Kaa. Ninyolee nywele mimi kama lazima zinyolewe za mtu.

Barua hii nampa Khatibu mkononi, anaondoka mchana huu, kesho atakuwa Makere. Ameniahidi atagonga mlango wako kabla ya kushusha mzigo.

Mwanao,
Anatoli


Makere
12 Septemba 1996

Mwanangu Anatoli,

Amahoro. Natumaini kifua hakijarudi. Mimi ni mzima.

Nilidhani Khatibu angepita Jumanne na neno kutoka kwako, hakupita. Labda umekasirika, au labda umekubali na huna la kuandika. Vyovyote, naiacha hii kwa Bazilio. Kumuaga Bazilio si kuaga majirani, Bazilio ni ukuta wa nyumba yangu.

Mbuzi na mapacha wako kwake. Mbegu za maharage ziko kwenye kibuyu kilichozibwa na majivu, usizile. Nimefagia nyumba ndani na nje. Kitanda chako nimekianika kwa ajili ya kunguni, ukija tarehe 28 kitakuwa kimepoa.

Habonimana amekuja leo kutuangalia tulivyojiandaa. Tuko watatu, wawili wamejitoa. Mmoja wao, Yusta, hakusema sababu, alinishika mikono tu akaniangalia. Nimechukua ile barua yako yenye maua. Hakuipenda, akasema tusibebe karatasi. Nimeishona ndani ya upindo wa kitenge.

Ukipita kigabironi mpe yule mama wa mafagio salamu zangu. Ingia polepole, na usihesabu. Nikifika nitakuandikia. Nisipoandika mpaka mvua za kwanza zikatike, usije kunitafuta njia hiyo. Hilo si ombi, ni neno la mama yako.

Imana ikurinde,
Mama yako, Esteri


Kambini, Kibondo
1 Desemba 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, sweta navaa. Mvua ni nyingi mwaka huu, na kuni zote zimeloa, kwa hiyo karani hana kazi. Goti lako vipi na baridi hii?

Naandika kwa kuwa Khatibu anaondoka kesho na amezoea kuniuliza kama kuna barua. Ataiacha kwa Bazilio pamoja na ile ya Septemba. Tarehe 9 Septemba lori lilivunjika ekseli kabla ya kufika nusu ya njia, akalala hapo siku sita akilinda mahindi. Aligonga mlango wako Jumatatu tarehe 16, kabla ya kushusha mzigo, kama alivyoahidi. Tangu hapo hawezi kunitazama usoni, na sijampata wa kumlaumu ila mimi.

Nilikuja tarehe 28. Kitanda kilikuwa kimepoa. Mapacha wa mbuzi walinifuata hadi barabarani. Yusta alinieleza kwa nini alijitoa: Habonimana alipotoa wembe kwenye mfuko kumwonyesha mteja, alitoa na pete tatu za ndoa, akazirudisha haraka. Anasema alikuambia, ingawa wewe uliniandikia kwamba hakusema sababu, nawe ulimjibu kwamba labda ni mfanyabiashara wa pete. Sikwenda njia ya Buhigwe. Nilifika mwisho wa kijiji nikasimama, nikarudi, kwa sababu ulisema ni neno. Bazilio amepeleka taarifa kwa afisa mtendaji. Wameandika.

Nilisafisha miiba kwenye mlango wa mbele wa kigabiro kwa siku tatu. Jumapili tarehe 20 Oktoba niliingia kutoka upande wa ng'ambo, jua likinipiga machoni. Theodosia alinikatia kijiti. Alitaka kujua ni cha nani. Nilimwambia ni cha Esteri. Nikakichomeka karibu kabisa na kisiki, mkono mmoja tu katikati. Sikuhesabu.

Sasa ni wiki sita na mvua haijakatika. Theodosia anasema wiki nne zinatosha kijiti kionyeshe kama kimeshika, na kisiki kama kitachipua. Kila Jumapili napanda kilima cha mawe, nafika juu, natazama vilele vya mivumu. Mbega bado wapo. Kisu nakiacha kambini.

Jumatatu iliyopita nilipanda tena, Theodosia akanikuta huko juu akitoka kufagia. Alikaa kando yangu, fagio magotini, na hakufanya mzaha. Akasema, "Kijiti nimekiona. Na kisiki nimekiona. Nikuambie?"

Nilimwomba asiniambie.

Jioni niliandika tarehe kwenye shajara, na chini yake nikaacha wazi.

Mwanao,
Anatoli